Mzinga wa Hana Bado Uko Chini

Itigi,
11 Agosti 2024

Kaka Chediel, shikamoo.

Sasa hivi mwanangu Hana ametoka kuingiza kichwa chake chote ndani ya mzinga akapiga kelele, "Aloo!" Mzinga ukamjibu. Akatoa kichwa akanitazama kama vile mimi ndiye niliyejibu, akakirudisha tena. "Aloo! Nani?" Nimecheka mpaka maharage yameshika chini ya sufuria. Ana miaka miwili na miezi minne na hujamwona hata siku moja, ndiyo maana nimeanza na yeye kabla ya kukuuliza hali.

Hali yako? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Nathan, baba yake Hana, yuko Dodoma kwenye ujenzi, anakuja mwisho wa mwezi. Mimi nauza asali stesheni na jirani yetu Agripina, unamkumbuka kwa sauti, treni ikisimama hakuna abiria anayelala. Baba hajambo. Anakwenda porini kwenye mizinga yake kama siku zote, anarudi na asali na maneno mawili.

Barua hii anakuletea Sostenes, yule uliyesoma naye, siku hizi ni mhudumu wa behewa. Ndiye aliyeniambia alikukuta hapo Morogoro unatengeneza simu kwenye kibanda. Anasema alipokutajia nyumbani uliinama ukaanza kutafuta bisibisi, na bisibisi ulikuwa umeishika mkononi. Simu nimekupigia mpaka nimechoka, hupokei. Kwa hiyo naandika. Darasa la saba langu linatosha barua, ukikuta nimekosea wewe soma tu.

Neno lenyewe kaka ni mzinga. Unajua kwetu mtoto hutundikiwa mzinga na mjomba wake, na sisi wetu alitundika marehemu mjomba Innocent. Baba ameuchonga wa Hana kwa gogo la mninga tangu Hana hajaota meno. Umelala hapa uani, kuku wanapanda juu. Wenzake wanamwambia, "Mzee Philipo, si uutundike tu mwenyewe?" Anawajibu, "Mjomba wake hajafa." Halafu anaondoka.

Wewe ndiye mjomba wake. Njoo. Vichaka vikianza kuchanua nyuki watatafuta nyumba, na mwaka jana wamepita, na mwaka juzi. Najua yaliyotokea siku ya kumzika mama, nilikuwepo. Lakini ni miaka minne, kaka.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Yunisi, mama Hana


Morogoro,
2 Septemba 2024

Mdogo wangu Yunisi, marahaba.

Mwambie Hana mjomba ameitikia: "Aloo, ni mimi."

Niko mzima. Nimepungua kidogo ila nguo zote bado zinanijua. Msalimie shemeji Nathan. Msalimie Agripina kwa mbali, masikio yangu ndiyo yanayoniweka mjini.

Sostenes amekuambia habari za simu, hakukuambia habari za Jumapili. Nimepanga chumba kimoja Kihonda, nyumba ya wapangaji sita. Jumapili asubuhi wote wanakwenda kanisani, mama mwenye nyumba anakwenda na watoto na redio yake. Hapo ndipo nyumba inanyamaza. Nafunga dirisha, naegemeza godoro ukutani, nawasha kompyuta, nakuwa bendi. Narekodi gitaa. Juu yake narekodi ngoma, yaani ndoo mbili na kreti la soda. Kisha besi. Kisha naimba, kisha naimba tena juu ya sauti yangu mwenyewe. Wakirudi na Biblia zao tumekuwa watu watano mle ndani, wote ni mimi, na hakuna aliyechelewa mazoezi. Ni roki, Yunisi. Mpangaji wa chumba cha pili anasema ni mashine ya kusaga iliyofiwa.

Nyimbo naziweka mtandaoni, najiita Mzinga Mtupu. Mwaka jana wasikilizaji walikuwa kumi na mmoja, na wawili kati yao ni mimi nikijaribu simu za wateja. Sasa wamefika elfu nne. Kuna mtu wa nchi ya theluji ameniandikia kwamba haelewi neno hata moja ila anatusikiliza akikoroga uji. Amesema "bendi yenu". Sikumsahihisha.

Simu sipokei kwa sababu ifuatayo. Ulipopiga mara ya mwisho nilisikia mtu anapumua nyuma yako. Nilijua ni nani. Kazi hii inaharibu masikio kwa namna yake, mtu anasikia hata asichoitiwa. Nikakata.

Humu ndani kuna kadi ya memori yenye nyimbo tatu, itaingia kwenye ile redio yako ndogo. Na nina ombi. Weka simu yako, kile kitochi, kwenye mdomo wa mzinga umrekodi Hana akipiga aloo. Usimfundishe, mwache tu aseme. Halafu kiache kirekodi na uani, kuku, mlango, chochote. Nirudishie kwa kadi hiyo hiyo.

Lile jambo jingine, kazi zimebana.

Kaka yako,
Chediel


Itigi,
29 Septemba 2024

Kaka Chediel, shikamoo.

Hatujambo sote. Hana alikuwa na mafua yameisha. Agripina amekataa salamu zako za mbali, anasema atakuja Morogoro akusalimie karibu.

Nyimbo zimefika. Niliweka redio dirishani nikaanza kuosha vyombo, nikaacha. Nilikaa na sufuria mapajani mpaka maji yakanilowa. Sikujua una sauti hiyo. Nyumbani ulikuwa unapiga gitaa tu nyuma ya kwaya, kichwa chini, hukuimba hata siku moja. Sasa mbona unaimba kama mtu anayeita mtu aliye ng'ambo ya pori?

Nikwambie ya baba. Redio ilipoanza alikuwa uani anachonga kifuniko cha mzinga. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ulipoisha akauliza, "Hilo gitaa linaumwa nini?" Nikamwambia baba, ndivyo linavyotakiwa lilie. Akasema, "Basi halijambo." Wa tatu, kaka, mimi niko ndani namsikia, kisu hakichongi. Kimetulia wimbo mzima. Ulipokwisha kikaanza tena.

Kesho yake akaniuliza kama redio imeharibika, mbona iko kimya.

Lakini hilo jina silitaki. Mzinga Mtupu! Wewe wako mjomba Innocent aliutundika na baba anauvuna kila mwaka, asali yake anaitenga kwenye ndoo yenye mfuniko mwekundu, haiuzwi. Wa mtu aliyeondoka anausafisha kwa mkono wake, wewe unajiita mtupu.

Tuseme na lile. Siku ile tumesimama kaburini, wale mama waliokuwa wanachuja asali na mama wakaanza ule wimbo wake, ule usio na maneno, aliokuwa anauimba mdomo umefumba asali ikidondoka kwenye kitambaa. Wewe ukatoa simu ukaishika kifuani. Baba akaiona. Akasema mbele ya watu wote, "Unamrekodi mama yako kama harusi?" Akakwambia uondoke na simu yako. Na wewe ukaondoka kweli, kabla hatujaweka maua. Nilikuwa na mimba ya wiki chache, ile iliyotoka, sikuwa na nguvu ya kukukimbilia. Sikuwahi kukuuliza kwa nini uliitoa. Nakuuliza sasa.

Hana yumo kwenye kadi, ameongea na mzinga mpaka amelala. Njoo kabla ya maua.

Yunisi


Morogoro,
3 Novemba 2024

Mdogo wangu, marahaba.

Sijambo. Samahani kwa kuchelewa. Pole kwa lile la mimba, sikulijua. Miaka yote hii sikulijua.

Hana ni mwanamuziki. Nimeuanza wimbo mpya kwa ile "Aloo, nani?" yake, mzinga unamjibu, halafu gitaa linaingia pale pale unapoishia mwangwi. Ule mzinga una mwangwi mzuri sana, wa duara, hauvuji popote. Baba anajua kuchonga. Wiki mbili tu wamesikiliza watu elfu tisa. Kuna watu wananiuliza "huyo mtoto ni nani", nawaambia ni meneja. Humu nimeweka kadi mbili, moja ya nyimbo zote nne ibaki kwenu, nyingine tupu ya kurekodia.

Kwa sababu ya wimbo huo nimeitwa kwenye tamasha Iringa. Nimekwenda. Nikwambie ukweli, na usimwambie Agripina. Sijawahi kuimba mtu akinitazama. Nilipopanda jukwaani na gitaa na kompyuta yangu nikaona nyuso, mdomo ukakataa. Basi nikageuka. Nimeimba nyimbo nne nikiwa nimewapa watu mgongo. Wamepiga makofi, wakadhani ndiyo staili! Kijana mmoja aliniomba picha, akaomba nigeuke ili apate mgongo.

Sasa wananitaka tena, Dar es Salaam, Desemba katikati. Kwa hiyo kabla ya maua siwezi. Naona baba autundike tu mwenyewe. Mwambie mjomba amemruhusu. Ana mizinga sitini, mmoja zaidi hautamshinda.

Lile swali lako nimelisoma.

Chediel


Itigi,
15 Desemba 2024

Kaka Chediel, shikamoo.

Habari za siku nyingi? Sisi wazima kabisa. Mvua zimeanza, vichaka vyote vimekuwa vyeupe kwa maua, ukisimama stesheni unasikia harufu. Hana anajua kusema "mjomba Chedi". Nathan yupo hapa nyumbani tangu mwezi uliopita, kazi ya Dodoma ameiacha kidogo, ananisaidia. Nimefurahi kuwa naye.

Nilimsomea baba barua yako, nilimsomea yote kama ulivyoandika. Amesikia. Hajambo, siku hizi anashinda nyumbani, amepumzika. Ni vizuri apumzike, umri nao.

Mzinga bado uko chini. Si kitu, usiwaze.

Nimefurahi habari za Iringa. Dar es Salaam kaza moyo, ukishindwa geuka tu kama ulivyofanya. Wimbo wa Hana Agripina anao kwenye simu, anaupiga treni ikija, anawaambia abiria huyu mtoto amezaliwa hapa hapa, nunueni asali yake. Imeuzika kweli.

Nimekuwekea kadi, Hana tena na mzinga wake, na uani kama ulivyopenda. Nimerekodi asubuhi mvua haijaanza.

Krismasi njema, kaka. Tutakuwekea wali wako kama kila mwaka.

Yunisi


Morogoro,
9 Machi 2025

Yunisi,

Salamu nitaweka mwisho.

Barua yako ya Desemba imenifikia Februari tarehe ishirini na tatu. Mvua iliharibu njia, treni zikasimama, Sostenes akakaa Tabora na bahasha yangu mfukoni. Kadi nimeisikiliza Jumapili hiyo hiyo, wenzangu wakiwa kanisani. Nimevaa hedifoni. Nimeisikiliza tena Jumapili ya pili. Leo ni ya tatu, sasa nakuandikia.

Hana anasema aloo, mzinga unajibu. Lakini si sauti ile ya Septemba. Nimeziweka mbili pamoja, moja sikio hili na moja sikio hili. Ya Septemba inazunguka. Ya Desemba inatoka pembeni, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Huo mzinga una ufa. Gogo la mninga haliwi na ufa kwa kulala uani na kuku.

Halafu dakika ya nne, baada ya jogoo, mtu anavuka uwanja. Nimeusikia mwendo wa baba tangu nikiwa tumboni. Anakanyaga kisigino kwanza, kulia, kushoto, kama mtu anayepima kiwanja. Huyu wa kwenye kadi anakanyaga mara moja, kinafuata kishindo cha mti, halafu kitu kinaburutwa. Hatua, mti, buruta. Hatua kumi na nne. Kwenye kadi ya Septemba, kutoka mlangoni hadi kwenye mzinga zilikuwa tisa.

Na wewe nyuma unasema taratibu, "Baba, kaa, naleta mimi." Ukadhani kitochi hakifiki.

Niambie.

Shikamoo zimfikie.

Chediel


Itigi,
30 Machi 2025

Kaka yangu Chediel, shikamoo.

Nimelia, nimeosha uso, nimekaa. Hana ananiuliza mama una nini, nimemwambia moshi.

Nilikuficha. Ilikuwa hivi. Barua yako ya Iringa nilimsomea baba nikafika pale uliposema mjomba amemruhusu. Akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Asubuhi sikumkuta, wala kamba, wala mzinga. Alikwenda peke yake kwenye ule mti mkubwa ambao mjomba Innocent alitundika wako, kwa sababu alitaka wa Hana ukae karibu na wako. Mtu wa miaka sitini na saba, kaka. Akapanda, akauvuta kwa kamba, ukafika, akanyoosha mkono kuunasa kwenye waya, tawi likamwacha. Wachoma mkaa walimkuta saa tisa alasiri. Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti. Mzinga ulianguka pembeni yake ukapasuka ubavuni. Alivyobebwa alikuwa anawaambia wabebe na mzinga.

Amelazwa, amefungwa plasta, amerudi. Anatembea na mkongojo kama ulivyosikia. Daktari anasema mguu utapona ila juu ya mti basi.

Sikukuambia kwa sababu ungejiona wewe ndiye uliyemwangusha. Na baba mwenyewe alinikataza. Alisema, "Ana kazi Dar es Salaam, mwache." Kaka, alikumbuka hata tarehe. Siku hiyo aliniambia niweke redio, tukakaa tukasikiliza zile nyimbo zako tatu na ule wa Hana, kana kwamba tumekwenda na sisi.

Barua yako hii ya Machi nayo nimemsomea. Nilipofika kwenye hatua kumi na nne akanishika mkono nisiendelee. Akasema, "Amezihesabu?" Nikasema ndiyo baba. Halafu akasema neno ambalo nimeogopa kuliandika, lakini amenituma. Amesema, "Mwulize kama ile aliyoirekodi siku ile bado anayo."

Nikamwambia baba, si uliikataa? Akasema, "Sauti ya mama yenu inanitoka. Nakumbuka alivyokaa, nakumbuka kitambaa, ule wimbo naushika mwanzo unaniponyoka. Wale mama nao wawili wamekufa. Mwulize."

Kaka, kama unayo iweke kwenye kadi umpe Sostenes. Sikuombi uje. Nimekuomba mara nyingi nimeona nakuchosha. Naomba hiyo tu.

Yunisi


Morogoro,
27 Aprili 2025

Mdogo wangu Yunisi, marahaba. Marahaba mara mbili.

Uliniuliza kwa nini niliitoa simu. Mama aliumwa miezi mitatu na mimi nilikuwa na simu mfukoni miezi yote mitatu. Nilirekodi mvua, nilirekodi treni, nilirekodi gitaa langu mara elfu. Yeye sikumrekodi, nilidhani yupo. Nilikumbuka pale kaburini. Hiyo ndiyo sababu, ilikuwa imechelewa, na baba alikuwa na haki ya kukasirika ingawa si kwa alichokidhania.

Ninayo. Sijawahi kuifungua. Nimehama vyumba vitatu nayo, kompyuta ya kwanza ikafa nikaiokoa hiyo peke yake. Jumapili iliyopita nimeifungua. Ni dakika mbili na sekunde kumi, inakatika pale baba aliposema. Siwezi kuandika zaidi.

Lakini kwenye kadi siiweki. Usiniombe tena.

Nina maswali mawili. Ule mti una tawi jingine chini ya lile lililovunjika? Na waya wa kutundikia upo, au ulipotea siku ile?

Chediel


Itigi,
8 Juni 2025

Kaka Chediel, shikamoo.

Hana ameiba betri zote za redio, amezipanga mstari hapa miguuni kwangu anasema ni treni, na kila ikifika stesheni anauza asali kwa sauti ya Agripina. Nimemwacha. Tangu jana redio haina betri na hakuna aliyeuliza, na hiyo peke yake ujue nyumba ilivyo.

Sisi hatujambo. Nathan amerudi Dodoma. Mavuno yameanza, baba kwa mara ya kwanza hajaenda, wameenda watoto wa kaka yake, wamerudi na asali imejaa masega meusi na baba amewasema mpaka wakacheka. Asali ya mzinga wako ameikinga mwenyewe hapa nyumbani, akaiweka kwenye ndoo ya mfuniko mwekundu. Leo nafua, sikwenda stesheni. Treni imepiga honi kitambo, Agripina amekwenda na ndoo zangu na zake.

Maswali yako: tawi lipo, nene zaidi, Nathan aliliona. Waya upo, umening'inia ukutani juu ya kitanda cha baba, sijui kwa nini anaulaza humo.

Nimekawia kujibu kwa kuwa nilikuwa na hasira, na sikutaka uisome. Nilimwambia baba unayo. Macho yake yakawaka kama ya Hana. Halafu ikabidi nimwambie kuwa huitumi. Akasema, "Ni yake. Nilimwambia aondoke nayo, ameondoka nayo." Akachukua nta akaanza kuziba ule ufa wa mzinga. Ameuziba siku tatu, anapaka, anaupasha kwenye jua, anapaka tena. Jana amemwita Hana, "Njoo ujaribu." Hana akaingiza kichwa, "Aloo!" Baba akainamisha sikio, akasema, "Bado haizunguki vizuri." Kaka, hilo neno ni lako. Amelitoa kwenye barua yako.

Kila jioni anajaribu ule wimbo wa mama. Anaanza vizuri, mdomo umefumba, halafu unampotea pale pale, kama mtu anayeingia chumbani akasahau alichofuata. Mimi nimejaribu kumsaidia na mimi unanipotea hapo hapo. Nilikuwa naufahamu wote! Nilikuwa nalala ukiimbwa. Hata sauti ya mama nikiitafuta napata mikono yake tu, na kitambaa cha njano, na asali inavyokatika katika. Nakulaumu na nakuonea wivu, kwa sababu wewe unaye mahali dakika mbili na sekunde kumi.

Sitakuomba kadi, umenikataza. Lakini nikuulize tu, kwa nini isije kwenye kadi? Kama unaogopa Sostenes ataipoteza, yeye hajapoteza kitu hata mara moja. Kama unaogopa baba atasema neno baya, hatasema, amekwisha maneno hayo, nakuhakikishia mimi ninayemwona kila siku amekaa kwenye kigoda ameelekea barabara ya stesheni. Anasema anaangalia mawingu. Mwezi wa sita kaka, mawingu gani? Najua maua yamepita na nyuki hawatakuja sasa. Mimi sihesabu tena maua. Ningependa tu mzinga uwe juu, ukae mtupu hata mwaka mzima, Hana akiuliza uko wapi nimwonyeshe juu badala ya

Subiri, baba ananiita kutoka uani. Anasema, "Yunisi! Zima hiyo redio. Huo wimbo si wa kupigwa ovyo." Anasema nani ameniletea kadi bila kumwambia. Nimemjibu sina kadi hiyo, baba, na redio sijaiwasha, betri anazo Hana. Sasa na mimi nausikia, kaka, mdomo umefumba, unatoka upande wa barabara, umefika pale unapotupoteaga sisi na haujapotea, unaendelea, na baba anasema niache kalamu nimletee mkongojo wake upesi, Hana amekwisha toka mbio anapiga kelele aloo, aloo, na nikichungulia dirishani huyo anayeimba ana gitaa mgongoni, ame